Fungu la Wiki Halisomwi Mapema

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile Jumatano ya Desemba nilipotoka jikoni na moshi machoni, nikasimama mbele ya babu yangu kama askari anayetoa ripoti, nikamwambia: "Babu, nimemaliza Torati mpaka Pasaka."

Nilidhani atanipongeza. Nilikuwa hata nimejiandaa namna ya kuzipokea hizo pongezi: niinamishe kichwa kidogo, nijifanye si kitu. Hazikuja. Mpaka leo nazisubiri.

Ngoja kwanza nikueleze sisi ni akina nani, maana hapa Kibosho hata majirani iliwachukua muda kujua. Babu alikuwa Myahudi wa kutoka Yemeni. Alifika Moshi kijana, akawa anauza vitambaa mjini, siku moja akamwona bibi yangu, msichana wa Kichagga wa huku juu, anachagua khanga. Alichagua muda mrefu sana, na babu hakulalamika. Wakaoana, bibi akaishika dini ya mumewe, na kaka zake wakampa kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, jambo ambalo wazee wengine walilinung'unikia mpaka wakazikwa nalo. Kijiji chetu ni cha Wakatoliki. Kwa kuwa babu aliitwa Yahya na hakugusa kitimoto, wengine walisema ni Mwislamu. Kwa kuwa hakushika jembe Jumamosi, wengine wakasema ni Msabato. Hawa wa pili ndio walioshinda. Nimekua nikiitwa mtoto wa Wasabato, na siku Wasabato wenyewe walipokuja kutukaribisha kanisani kwao, babu aliwapa chai, akawasikiliza vizuri, akawashukuru, nao wakaondoka wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja.

Sasa, Torati yetu imegawanywa mafungu, fungu moja kwa kila wiki. Jumamosi, penye Wayahudi wa kutosha, fungu hilo husomwa mbele ya watu. Lakini kabla ya hapo kila mmoja ana wajibu wa kulipitia mwenyewe, mara mbili kwa Kiebrania na mara moja kwa tafsiri, ili alimalize pamoja na mkutano. Kwetu mkutano haukuwepo. Wanatakiwa wanaume kumi, na babu alikuwa mmoja, hata ukimhesabu na fimbo yake. Kwa hiyo kule kulipitia nyumbani ndiko kulikokuwa sinagogi letu, na sikukuu yetu, na redio yetu.

Kwao Yemeni tafsiri ilikuwa ya Kiaramu, lugha ya zamani, na aliijua kwa moyo. Lakini alisema tafsiri iliwekwa ili watu waelewe, na hapa Kibosho nani anaelewa Kiaramu? Akanifanya mimi mtafsiri. Wajibu huo ni wa wanaume, mimi haunihusu. Aliniambia hivyo mwenyewe, kisha akanisogezea kitabu. Yeye alisoma mstari mara mbili, mimi nikausema kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kiswahili cha huku mlimani. Esau alipouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, nilisema ameiuza kwa bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi. Babu alicheka mpaka akavua miwani.

"Dengu, Miriamu. Ilikuwa dengu."

"Babu, mtu akiuza kihamba kwa dengu, hapa watasema ni mgonjwa. Kwa mtori angalau watamhurumia."

Basi mwaka huo nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, kule chini upande wa Bomang'ombe. Bibi alikuwa ameshafariki, baba na mama walikuwa wanahangaika na maisha Tanga, nyumbani tulikuwa wawili tu. Na macho ya babu yalikuwa yanaingia ukungu, mtoto wa jicho, yote mawili. Kiebrania hakikumsumbua, alikuwa nacho kichwani tangu anafundishwa utotoni. Kwa tafsiri ndipo alipomtegemea mtu, maana ile ya Kiaramu hakuihesabu tena. Bila wa kumtafsiria angebaki na zile mara mbili, ya tatu ikosekane, na wiki baada ya wiki angeachwa nyuma na mkutano ambao ulikuwa ndio ndugu zake pekee waliobaki. Nilikuwa silali vizuri kwa hilo. Babu hakusema kitu, lakini nilimwona anavyoshika shika jalada la kitabu.

Nikafikiri kama msichana wa kihamba anavyofikiri. Ng'ombe wetu hukaa zizini, nyasi tunawaletea. Ukijua kesho unasafiri, leo unakata mizigo miwili. Basi nikaona na Torati ikatwe mapema. Nikakaa jikoni na Biblia ya Kiswahili, nikasoma kutoka pale tulipokuwa tumefika, nikapita Misri, nikavuka bahari, nikasimamisha hema la kukutania na mapazia yake yote na vishikizo vyake. Mpango wangu ulikuwa nimsomee babu mafungu matatu kwa siku, ili nikiondoka Januari nimwache na akiba mpaka likizo ya Pasaka. Niliuona mpango mzuri sana. Mimi mipango yangu huwa mizuri sana mpaka nimwambie mtu.

"Umemaliza," babu alisema.

"Ndiyo, babu. Tukianza mchana huu, na wewe utamaliza."

"Wiki hii tuko wapi?"

"Wiki hii Yosefu ameuzwa na kaka zake. Lakini hapo nimeshapita, babu. Yosefu sasa ni mkubwa Misri, amevalishwa pete, ana gari la farasi..."

"Na baba yake?"

Nikajifuta moshi machoni.

"Yakobo. Wiki hii ameletewa kanzu ya mwanawe ina damu. Ameambiwa mnyama amemla. Wamekuja wa kumfariji, amekataa. Wewe uko wapi?"

"Niko Misri," nikasema, sauti imeshaanza kupungua.

"Na nani yuko na Yakobo?"

Unajua ujana, mwanangu, hauna haya. Nikajibu. "Lakini babu, Yosefu yu hai! Kwa nini nikae namlilia mtu ambaye najua yu hai?"

"Unajua wewe uliyekimbia. Yakobo hajui." Akageuza uso upande nilipokuwa, maana alikuwa ananiona kama kivuli tu. "Umewahi kumsikia mtu ameenda msibani kabla ya msiba, akalia zake mapema, akarudi nyumbani, ili siku yenyewe apumzike?"

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Aloisi na chupa ya maziwa. Huyo alikuwa jirani yetu, Mkatoliki, mjane, muuza ndizi sokoni Kiboriloni, na mdomo wake ulikuwa unajulikana kutoka hapa mpaka huko sokoni. Alimwita babu Meku, ndiyo mzee kwa Kichagga chetu.

"Shikamoo Meku. Hapa Kibosho wapo wanaokuja msibani chakula kikishaiva," alisema. "Wanaokuja kabla ya kifo bado sijawaona. Labda huyu wako ndiye atatuanzishia."

Babu alicheka kidogo, lakini mimi aliniambia niketi. Akasema kuna sheria, tena ya zamani, kwamba fungu lisitanguliwe wala lisicheleweshwe. Akasema: "Wiki hii, kule Sanaa kwetu Yemeni, Yerusalemu na mahali ambapo mimi sitafika, watu wamekaa na Yakobo. Siwaoni, hawanioni. Sina kumi, Miriamu. Nilicho nacho ni wiki. Ukininyang'anya wiki, nitabaki mzee kipofu anayesikiliza hadithi."

"Na nikiondoka?"

"Utasoma huko. Wiki ile ile."

"Na wewe? Nani atakutafsiria?"

Hapo babu akaanza kushika shika jalada la kitabu. Mama Aloisi akaweka maziwa mezani polepole, jambo lisilo la kawaida yake, akaaga akaenda. Tukakaa na Yakobo wetu mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa.

Januari nikaenda. Sitakudanganya kwamba shuleni kulikuwa kuzuri. Kulikuwa na joto, na wasichana wengi wanaojuana, na mimi ambaye nilikuwa sijawahi kulala nje ya nyumba yetu hata siku moja. Kila Ijumaa baada ya vipindi nilikuwa naketi nyuma ya ghala na vitabu vyangu viwili, Biblia ya Kiswahili na kile cha Kiebrania, ambacho babu alinifundisha kukisoma, nasoma mstari mara mbili, halafu najitafsiria mwenyewe. Umewahi kujitafsiria mwenyewe? Ni kama kujipa pole. Wasichana walipita wakisema, "Msabato, unaongea na nani?" Swali hilo na mimi nilikuwa najiuliza.

Tulipofika kwenye hema la kukutania, na zile mbao na mapazia, nilichoka kabisa. Nyumbani hapo ndipo babu na mimi tulipokuwa tunataniana, yeye ananiuliza kama kwa mbao hizo fundi wa Kibosho angekuwa ameshaomba pesa ya kuongezea. Nyuma ya ghala hakukuwa na wa kuniuliza. Nilifunga kitabu. Kisha nikafikiri: leo ni Ijumaa, kule juu babu naye yuko kwenye mapazia. Nikafungua. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kusema walisikia amani imewashukia. Mimi sikusikia kitu. Nilisikia mbu. Lakini nilimaliza, na Ijumaa iliyofuata nikamaliza tena, huku kila mara nawaza kama babu ana wa kumtafsiria au amekaa na mara mbili zake, anasubiri ya tatu.

Pasaka ilipofika nikapandisha mlima na sanduku langu la bati kichwani, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara na gari lilitushusha njiani. Ilikuwa Ijumaa. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ya babu inasoma Kiebrania, mara moja, mara mbili. Nikasimama kwenye tope. Na baada yake nikasikia sauti nyingine, kubwa, ya mtu aliyezoea kuita wateja.

"Na mafuta yaliyo juu ya figo, na figo mbili! Meku, mafuta ya figo tena? Wiki iliyopita mafuta ya figo, leo mafuta ya figo. Hii ni dini au bucha?"

"Endelea, Mama Aloisi."

"Naendelea. Kidari ni cha kuhani na wanawe. Eeh! Hapo sasa mmesema. Hata kwetu mnyama akichinjwa kila mtu na nyama yake, huwezi kumpa shangazi nyama ya mkwe, patachimbika. Kumbe Musa alikuwa Mchagga!"

Babu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Nilipoingia hakuuliza nimefaulu nini wala nimekonda kiasi gani. Aliuliza, "Mko wapi huko kwenu?"

Nikamwambia fungu letu.

"Na sisi tuko hapo," akasema, akanishika mkono, hakuuachia kwa muda.

Nilijua baadaye kwamba Mama Aloisi alikuja na Biblia yake Ijumaa ya kwanza tu baada ya mimi kuondoka, akasema yeye sokoni anapanga mafungu ya ndizi maisha yake yote, fungu moja la Torati halitamshinda. Kila Ijumaa aliuliza lile lile: "Fungu la leo ni kubwa au dogo?" Kubwa akiambiwa, anavua viatu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijatoka tena. Wenzangu walikwenda Dar, walikwenda Arusha. Mimi nilikwenda zizini. Nikachukua nafasi yangu ya mtafsiri, Mama Aloisi naye hakuondoka katika nafasi yake, tukawa tunagombania mistari kama watoto wanaogombania ukoko. Hiyo ilikuwa miaka mizuri. Nilidhani ndivyo maisha yalivyo, kumbe lilikuwa fungu tu.

Babu alifariki wakati wa baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulimzika hapa hapa kihambani, majirani Wakatoliki wakichimba, na baba yangu akisoma alichokikumbuka. Ndugu wakakaa siku chache, wakarudi Tanga. Nikabaki na nyumba.

Ijumaa ikaja. Nilikitazama kitabu mezani, sikukigusa. Nilijiambia: wajibu huu ni wa wanaume, mwanamume mwenyewe tumeshamzika, nani ananidai? Hoja ilikuwa safi kabisa, hata mwanasheria asingeipangua. Nilikuwa nimeamua kwamba mambo ya mafungu yameisha hapa mlimani. Nikaketi jikoni bila kuwasha moto, nasikiliza jinsi nyumba isivyo na mtu.

Mama Aloisi aliingia bila hodi, na Biblia yake kwapani imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya ukungu.

"Pole, mwanangu. Tuko wapi?"

"Mama, sisomi leo. Mwenye kusoma amekwenda."

"Sijakuuliza nani amekwenda. Nimeuliza tuko wapi."

"Si lazima tena. Wala wewe si dini yako."

"Dini yangu ninayo, nimetoka misa asubuhi," akasema, anavua viatu. "Nimekuja kwa sababu ni Ijumaa. Na wale wa Meku, wale asiowaona, leo si wanasoma? Au na wao wamefiwa wote?"

Nilifungua. Lilikuwa lile fungu la majina ya kambi, pale panapotajwa kila mahali Waisraeli walipolala jangwani: wakaondoka hapa, wakapanga pale, wakaondoka pale, wakapanga kwingine. Nikasoma mara ya kwanza na ya pili. Mama Aloisi akaangalia Biblia yake, akaangalia tena.

"Rithma. Libna. Risa. Mbona hapa hakuna kilichotokea? Wamefika, wameondoka."

"Ndivyo."

"Na haya nayatafsirije? Ni majina tu."

"Hayatafsiriki. Babu alisema hata yasiyotafsirika yasomwe mara tatu."

Alifikiri kidogo. "Sawa," akasema. "Mahali mtu alipolala si pa kuruka." Akayasoma, moja moja, kwa ile sauti yake ya sokoni, lakini ameishusha. Nilikuwa nalia Rithma, nilikuwa nalia Libna. Sijui ni kambi ipi niliyoachia kulia. Nilipokuja kujiangalia tulikuwa tumefika ukingoni mwa Yordani, na Mama Aloisi anauliza kama kuna chai.

Sasa hata yeye hayupo. Mume niliyempata, mtu mpole aliyekubali kuhamia kwetu, naye hayupo. Watoto wangu wako Dar na Mwanza. Mmoja aliniwekea kwenye simu msomaji mwenye sauti nzuri sana, anasoma fungu lote la wiki bila kukohoa. Nikamshukuru. Lakini yule wa kwenye simu, fungu liwe kubwa au dogo, havui viatu. Basi Ijumaa nakaa mezani, nasoma mara mbili, kisha nasema tafsiri kwa sauti, na hakuna anayebisha. Kuna wiki nautamani ugomvi. Kila mwaka natoka bustani ya Edeni nafika mpakani mwa nchi ya ahadi na Musa, na kila mwaka sisi wawili hatuvuki. Yeye alikatazwa. Mimi ni uvivu wa kusafiri.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu nakuona. Wewe ukianza tamthilia unatazama kwanza mwisho wake. Ukipata shida unataka uambiwe leo leo itaishaje. Ukifiwa unahesabu ni lini utaacha kuumia, na ukiwa peke yako unajiona ndiye wa kwanza duniani. Nasaha yangu ni hii. Kaa katika wiki yako. Kama ni wiki ya kanzu yenye damu, usijifanye uko Misri, na mwenzako akiwa katika wiki hiyo, usimwambie habari za Misri hata kama unazijua. Nenda ukaketi naye. Wiki yako ikipita usiing'ang'anie, ondoka na wenzako, ufungue fungu linalofuata hata kama mkono ni mzito. Na jambo jema ulilozoea kulifanya na watu, siku ukibaki peke yako usiliache. Lifanye siku yake, saa yake. Wapo wanaolifanya muda huo huo ambao hutawaona kamwe, na wewe ni mmoja katika hesabu yao. Na ukiona kwa jirani kumekuwa kimya, usisubiri kuitwa. Ingia. Hata kama dini si yako, hata kama huelewi majina.

Mungu akupe miaka mingi, na katika kila wiki ya miaka hiyo akupe mtu wa upande wa pili wa meza. Akichelewa kukuletea mtu, akupe sauti ya kusoma hivyo hivyo. Watoto wako wakukute mezani, wasikukute umekata tamaa. Na siku utakapopanga kambi yako ya mwisho, atokee mmoja wa kulitaja jina la mahali hapo, polepole, asiliruke. Amina, mwanangu.